Pole ya Urho

Hapo zamani, wala si zamani ya fisi na sungura bali zamani ya matairi na petroli, palikuwa na mtu wa Ufini aitwaye Urho, na huko kwao nusu ya mwaka maji ya ziwa huganda yakawa kama sakafu, watu wakapita juu kwa gari. Urho alijifunzia hapo, juu ya ziwa, kwa pikapu ya baba yake ya kubebea viazi. Akateleza, akajua kuteleza. Akakua, akashindana. Akashinda kwenye theluji. Akashinda msituni, pale gari linaporuka kilima matairi yote yakawa hewani na dereva mwenyewe hajui atatua wapi. Akawa bingwa wa dunia, akawa bingwa tena, mpaka huko kwao kila mvulana aliyezaliwa akaitwa Urho, na wasichana wakaponea chupuchupu.

Lakini mbio moja zilimshinda, nazo ni Mbio za Vumbi, huku kwetu Bonde la Ufa. Alikuja, tope likamkamata. Akaja tena, jiwe likamvunjia ekseli. Akaja tena, twiga akasimama katikati ya njia akamtazama kutoka juu kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji, na twiga alipomaliza kutazama wenzake walishakwenda. Kila akija, Vumbi likamrudisha. Mwisho mgongo wake ukasema basi. Urho akashuka garini, akaung'oa usukani wa ubingwa wake wa kwanza, akauviringisha kwenye sweta aliyofumiwa na mamake, akawa bosi wa timu.

Na bosi huyu alikuwa mtu wa maneno machache. Wanasema ndivyo walivyo kwao, mtu hukaa na rafiki yake kutwa nzima, wakaambiana "naam" moja tu, wakaagana wameridhika. Kwa hiyo Urho akishika redio ya timu kila mtu alinyamaza, kwa maana walijua: huyu hasemi ila pana jambo.

Aliporudi Bonde la Ufa kama bosi alitafuta watu wa hapa hapa. Dereva akampata Harpal, singasinga wa Nakuru, mguu mzito kwenye mafuta na mdomo mwepesi kuliko mguu. Baba yake na babu yake walizeeka chini ya magari ya watu wengine, naye aliapa hatazeeka chini ya gari, atazeeka ndani yake. Na wa kumsomea njia akampata Mumbua, mama kijana kutoka Kibwezi, na huyu Mumbua ndiye tumshike mkono, tusimwache.

Kazi ya Mumbua ilikuwa hivi: anakaa kando ya dereva, daftari la njia mapajani, anasoma kwa sauti kona ambayo bado haionekani, upande wake na namba ya ukali wake. "Kushoto tano! Kilima! Kulia tatu, jiwe ndani, usikate!" Dereva haoni ng'ambo ya kilima, anaona kwa mdomo wa msomaji. Msomaji akinyamaza, dereva ni kipofu anayekimbia. Timu nyingine zilimkataa Mumbua kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga, Mutheu, meno mawili tu mdomoni. "Anayenyonyesha atasoma nini?" walisema. Urho yeye alimsikiliza akisoma mpaka mwisho, akasema, "Naam." Ikawa ameajiriwa.

Siku ya kufungua kambi Urho aliifungua ile sweta, akauinua ule usukani mbele yao. Akasema kwa yale maneno yake machache: "Mwaka ujao, gari langu, kiti kimoja kitupu. Kimoja. Atakayelishinda Vumbi, usukani wake. Mwenye usukani, kiti chake."

Harpal akamgeukia Mumbua kwa kicheko. "Dada, nitakuletea kadi ya posta kutoka kwenye theluji."

"Wewe? Bila mimi hata choo cha kambi hukioni."

Wakacheka, lakini kila mmoja aliutazama ule usukani kwa jicho la njaa. Maana kiti kilikuwa kimoja. Akipata Harpal, atasomewa na Mfini. Akipata Mumbua, atamsomea Mfini. Na asipokipata, jamani, asipokipata angerudi kuuza vipuri kwa shemeji yake, yule shemeji aliyemwambia mbele ya watu, "Nenda kacheze na wazungu, utarudi tu," na hakuna timu nyingine itakayomchukua na mtoto mgongoni.

Sasa kuna jambo dogo, na msilipite. Mumbua ndiye aliyemfundisha Urho Kiswahili kidogo. Alimfundisha "polepole", kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wanakimbia katikati ya magari na Urho alitaka namna ya kuwatuliza. Lakini ulimi wa Urho haukuweza kuliunga neno lile. Alilikata kama mkate. "Pole," anasema, anavuta pumzi, "pole." Na mamake Mumbua, Nyanya Syokau, aliyekuja kambini kumlea Mutheu, alikuwa anaketi mlangoni mwa hema anajibu kila mara, "Tushapoa, baba, tushapoa! Jamani, mzungu huyu ametupa pole tangu asubuhi, nani amekufa?" Kambi nzima inavunjika mbavu. Walimcheka kwa hilo, wakamcheka na kwa hema lake la kujifukiza mvuke kama desturi ya kwao, katika joto lile la bonde. "Jua la Mungu halimtoshi?" Naye hakukasirika hata siku moja.

Basi ikaja siku ya mwisho ya mbio. Gari la Harpal na Mumbua lilikuwa mbele ya yote, limebakiza kipande kimoja cha njia, wakikimaliza vizuri Vumbi limeshindwa. Na asubuhi hiyo hiyo Mutheu akaamka ana homa. Mumbua akamshika shingoni, moto. Akamshika tumboni, moto. Akamnyonyesha, akanyonya kidogo akaacha, akalia kile kilio chembamba ambacho mama akikisikia haketi tena.

"Siendi," akasema.

"Utakwenda," akasema Nyanya Syokau. "Ni meno. Wewe nawe ulikuwa hivi hivi. Nitamkanda na maji, atalala."

"Na likitokea jambo?"

"Likitokea jambo nitamwambia mzee wako Urho. Si ana redio? Atakwambia. Nenda."

Akaenda. Alikwenda kwa miguu tu, moyo aliuacha hemani. Akafunga kofia, akafunga mikanda, akafungua daftari. Urho akapanda helikopta, maana bosi hutangulia juu, akiona ng'ombe au pundamilia au mtu njiani anawaonya walio chini.

Gari likaondoka. "Kulia nne! Kushoto tano, inafunguka! Kilima, usiachie!" Mumbua anasoma, Harpal anakanyaga, vumbi laini kama unga linaingia mpaka kwenye meno, mawe yanapiga chini kama mvua ya misumari. Anasoma kona na kichwani anasikia kilio chembamba. Anasoma kona, anaona shingo ya moto. Anasoma kona. Mbele yao kilima kirefu, na katika daftari ameandika mwenyewe: kilima, mguu chini, njia nyeupe, yaani haina kitu. Harpal akaukanyaga mguu mpaka sakafuni.

Hapo redio ikakoroma. Urho. Yule asiyesema ila pana jambo. Na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Pole," ikasema redio. Ikakwaruza, ikapotea, ikarudi. "Pole."

Harpal akasikia pole, akajua: tumepitwa. Bosi anatupa pole ya kushindwa! Akakasirika, akazidi kukanyaga.

Mumbua naye akasikia pole. Yule aliyemfundisha neno lile, yule aliyejua kwamba Mfini huyu hulikata, siku zote amecheka, leo akasahau kila kitu. Maana mtu humpa mama pole lini? Akasikia pole ya msibani. Akasikia pole ya mlangoni, ya watu waliovua viatu. Mutheu. Daftari likamtoka mikononi. Akapiga ukelele ambao hakujua anao, "Simama! Mtoto wangu! Mtoto!"

Injini ikalimeza "simama", ikaumeza na ule "wangu". Harpal akasikia neno moja tu: mtoto. Ushindi uko mbele yake, usukani uko mbele yake, njia ni nyeupe, hakuna kitu anachokiona. Hakuuliza. Akakanyaga breki kwa miguu yake na miguu ya baba yake na ya babu yake. Gari likazunguka, likateleza ubavu, likapanda kilima kinyumenyume, likasimama juu kabisa, na vumbi lote walilokuja nalo likawapita.

Lilipotua, ng'ambo ya kilima, karibu hivi na bodi ya gari, alikuwepo punda. Amebeba madumu ya maji. Akapiga chafya. Na mbele ya punda msichana mdogo, kamba mikononi, visigino vimezama mchangani, anavuta kwa nguvu zake zote. Alilitazama gari, akamtazama Harpal, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na ujinga wa mwingine:

"Amekataa tu."

Harpal akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akalala juu ya usukani. Lakini Mumbua hakumwona punda wala hakumwona msichana. Amejifungua mikanda, ametoka mbio, kofia kichwani, kuelekea helikopta iliyokuwa inashuka uwandani, na Urho naye anaruka kutoka ndani yake anakuja mbio na ule mgongo wake mbovu. Wakakutana katikati, wote wanalia.

"Mtoto yuko wapi?" Mumbua akapiga kelele.

Urho akanyoosha kidole kwa msichana wa punda. "Yule! Mzima!"

"Si yule! Wangu! Wangu, mzee!"

Urho akamtazama, haelewi. "Wako? Wako... lala. Mama yako redio, sasa hivi. Homa shuka. Lala."

Mumbua akaketi pale pale mchangani kama gunia lililofunguliwa, na Urho akaketi kando yake.

Walipofika mwisho wa njia gari jingine lilishawapita. Kombe likaenda kwa wengine.

Alasiri kambini, Mumbua anamnyonyesha Mutheu na hataki kumwacha, mama wa yule msichana alifika na kibuyu cha maziwa. Akasimama mbele yao wote. Akasema, "Nimekuja kumshukuru aliyemwokoa Nashipae wangu. Ni nani?"

Urho akaingia hemani, akatoka na ile sweta. Akaufungua usukani, akauweka juu ya boneti. "Kombe, hapana," akasema. "Lakini Vumbi lilitaka mtoto. Halikupata. Leo Vumbi limeshindwa. Nimpe nani?"

Harpal akawa wa kwanza. "Mzee, bila mguu wangu yule mtoto hayupo. Sikumwona mtu. Niliambiwa mtoto, nikauvunja ushindi wangu kwa mguu wangu mwenyewe, sikuuliza ni wa nani. Na huyu dada yangu nampenda, lakini alitupa daftari. Msomaji anayetupa daftari apewe kiti?"

"Na wewe uliposikia pole ukazidi kukanyaga!" akasema Mumbua. "Bila sauti yangu mguu wako ungekuwa juu ya nini sasa hivi? Mimi ndimi niliyesema simama."

"Ulimwitia mtoto wako!"

Mumbua akamtazama Mutheu aliyekuwa ananyonya. Maana ilikuwa kweli. Alikitaka kile kiti, alikitaka mpaka meno yanamuuma, na ilikuwa kweli. Hakuwa amemwona msichana wa watu. Akasema polepole, "Nilimwitia wangu. Lakini lililosimama ni gari lile lile."

Fundi mmoja akaropoka kutoka nyuma, "Basi mzee akae nao mwenyewe! Si yeye aliyeona kutoka juu? Bila neno lake hawa wawili wangejua nini?"

Urho akatikisa kichwa. "Neno langu, bovu. Nilisema polepole."

"Ungelisema zima," akasema Harpal, na sasa hakuwa na mzaha, "ningepunguza kidogo tu, mzee. Kidogo. Na kwa mwendo ule..." Mama wa Nashipae akakishika kibuyu kwa mikono miwili.

Hapo Nyanya Syokau akasimama, akajifunga leso yake upya kiunoni. "Mnabishana bure, wanangu. Bila homa ya huyu hapa, mama yake angeogopa nini? Angeisikia ile pole, angecheka, angesema tushapoa, angeendelea kusoma. Aliyesimamisha gari ni Mutheu, na meno yake yanayoota. Mpeni yeye usukani auume."

Watu wakacheka, na kicheko kikaisha upesi, maana maneno ya nyanya yalikuwa yamekaa sawa. Mutheu akaliachia titi, akageuka, akaunyooshea mkono ule usukani unaong'aa, kama anavyokinyooshea mkono kijiko, na moto, na kila kitu.

Urho akauinua. Mbele yake mguu uliokanyaga bila kuona. Mbele yake sauti iliyomwitia mtoto mmoja ikamwokoa mwingine. Mbele yake homa isiyojua lolote. Na aliyeushika ni yeye mwenyewe, aliyeona yote akalisema neno vibaya, lakini vibaya kwa namna iliyofaa. Kiti ni kimoja, na mama wa Nashipae bado amesimama na kibuyu, anangoja kujua wa kumshukuru.

Enyi mliokaa hapa, na hasa ninyi wenye watoto waliolala mkiwasikilizia pumzi: usukani ule ulimstahili nani?