Anga la Waridi Chini ya Mlima

Ukiwa na haraka, iweke hii kando kwanza. Ukishatulia isome, na jina la mtu wa kumpelekea litakujia lenyewe.

Katika mtaa mmoja wa Tokyo palikuwa na hamamu ya zamani. Majirani huja kuoga hapo, kisha hukaa pamoja kwenye bwawa dogo la maji ya moto. Ukutani, juu ya bwawa, umechorwa mlima Fuji, ili mtu aliyechoka apate pa kutuliza macho. Lakini mvuke hula rangi. Kwa hiyo kila mwaka, siku hamamu imefungwa, mchoraji huja, hukwangua mchoro wa zamani, kisha huchora mlima mpya juu yake. Ndiyo desturi, na hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Fundi wa ukuta ule alikuwa Mzee Eizo. Mwaka mmoja alimwachia binti yake mdogo, Wakana, achore anga. Mtoto akalipaka rangi ya waridi, ukingo hadi ukingo. Majirani wakamsifu mpaka akavimba kichwa. Mwaka uliofuata, baba yake akalifunika anga lile kwa bluu.

"Baba, umelifuta anga langu," Wakana alisema huku analia.

"Zamu yake imekwisha," baba alijibu, akachovya brashi na kuendelea na kazi.

Neno lile lilimchoma. Aliapa kwamba akikua atafanya kazi ambayo mkono wa mtu mwingine hautaigusa. Penye nia pana njia. Wakana akawa msanii mkubwa, kazi zake zikakaa nyuma ya vioo Paris na New York, mlinzi amesimama kando. Baba yake alialikwa kwenye maonyesho yote, akaenda mara moja tu. Aliutazama mchoro wa mwanawe kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na mwakani, hapa atachora nani?"

Waliokuwa karibu walicheka. Wakana hakucheka, na tangu siku hiyo simu kwa baba yake zikawa za kuhesabika.

Kisha Mzee Eizo akafariki.

Msiba ulipopoa, Bi Fusae, mwenye hamamu, alimpigia Wakana simu. "Mwanangu, mlima wa mwisho wa marehemu unabanduka. Magamba ya rangi yanawaangukia wateja majini. Nitafute fundi, au utakuja mwenyewe?"

"Asiuguse mtu," Wakana alisema.

Alikuja na mtaalamu wa makumbusho, ili mchoro ule ubanduliwe wote ukawekwe nyuma ya kioo. Hakuwa amempa baba yake neno jema kwa miaka mingi, na sasa kilichobaki cha kumheshimu nacho kilikuwa ukuta ule. Kuukosa kulimtisha.

Mtaalamu alikata kipande kidogo pembeni, kwenye sehemu ya anga. Akakigeuza ubavu na kukisogeza penye mwanga. Rangi za miaka yote zilikuwa zimepangana kama maganda ya kitunguu.

"Hii ni ajabu," alisema. "Mzee wako alikuwa mkwanguaji hasa. Kazi zake mwenyewe amezikwangua karibu zote, zimebaki nyembamba kabisa. Lakini mstari huu mmoja hakuukwangua hata kidogo. Alipaka juu yake ukiwa mzima. Tazama ulivyo mnene."

Mstari wenyewe ulikuwa wa waridi.

Wakana alikaa chini kwenye vigae, kipande kikiwa kiganjani. Alilia jinsi ambavyo hakulia hata siku ya mazishi. Mtaalamu alisubiri, kisha akauliza kwa upole, "Basi tuanze kuubandua?"

"Hapana. Nipe brashi."

"Lakini Bi Wakana, utaupoteza."

"Hautapotea," alisema. "Utakuwa chini ya wangu."

Alikunja mikono ya shati. Magamba yaliyokwisha kuachia aliyaondoa kwa vidole, moja moja. Kikwanguo hakukishika. Kisha akachora mlima juu ya mlima wa baba yake, na anga akalipaka bluu ileile aliyoichukia utotoni. Alipomaliza hakuandika jina lake popote.

Kesho yake wateja walirudi. Bibi mmoja alizama majini mpaka shingoni, akautazama ukuta, akashusha pumzi na kufumba macho. Hakuuliza nani amechora.

Bi Fusae akamtania Wakana mlangoni. "Haya, msanii wa Paris. Mwakani nikimwita fundi mwingine, utaniitia polisi?"

Wakana alitabasamu. "Mwite tu, Bi Fusae. Ila umwambie asikwangue sana."

Funzo: Si kila aliyeifunika kazi yako ameidharau, huenda amesimama juu yake kwa sababu anaiamini. Nawe zamu yako ikiisha, kubali kumbeba anayekuja.