Tupa Beseni, Shika Mkono

"Mama Nsama, tangu lini samaki banamufundisha kuogopa mayi?"

Swali hilo liliulizwa na Papa Michée, mchuuzi wa samaki aliyevuka kutoka Kongo na kujenga karibu na ziwa, hapa Nchelenge. Alikuwa ameegemea ua wa matete wa jirani yake, akicheka mpaka machozi yakamlengalenga. Ndani ya ua, watoto wa mtaa walikuwa wakitupa mabeseni yao chini, wakishikana mikono na kukimbia kuelekea mlimani, kana kwamba ziwa lilikuwa nyoka anayewafukuza.

Mama Nsama hakukasirika. Alikuwa mjane aliyezoea kutazama kwanza na kusema baadaye. Mikononi alikuwa na kambale mbichi. Alimpinda taratibu mpaka mkia ukafika mdomoni, akamchoma kijiti ili asikunjuke, akamlaza juu ya moshi pamoja na wenzake. Wote walikuwa wa mviringo kama kata za kubebea maji kichwani.

"Unaona ninavyofanya, Papa Michée?" alisema. "Huyu namkunja leo. Kesho hatakubali."

Hiyo ndiyo maana ya methali ya wahenga: mwana hufunzwa akiwa bado mchanga, maana akishakomaa na tabia yake, hapindiki tena. Lakini jambo lenyewe lilianza hivi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mwishoni, na mvua zilikuja kwa hasira ambayo hata wazee hawakuikumbuka. Ziwa lilikuwa limekwisha kumeza mahali pa kuanikia nyavu. Siku moja kijito kinachopita katikati ya mtaa kilifurika, kikaangusha ukuta wa nyumba. Watu wakapiga kelele na kugonga makopo. Basi katika ufuko ule, kelele na makopo vina maana moja tu: mitumbwi imefika na samaki! Watoto wakanyakua mabeseni yao wakatimua mbio, tena si kuyakimbia maji, bali kuyafuata. Olipa, mjukuu wa Mama Nsama, ndiye aliyetangulia. Wanawake waliwadaka kwenye mdomo wa kijito, kama mtu adakavyo vifaranga kabla ya mwewe.

Tangu siku ile moyo wa Mama Nsama ulikosa kutulia. Aliomba, kisha akainuka kutoka magotini akatengeneza mchezo. Kila alasiri, watoto walipokuja kumsaidia kukunja samaki, aligonga sufuria ghafla na kuimba:

"Kelele zikilia?"

"Tupa beseni!"

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Shika mkono!"

Halafu mbio, kuvuka barabara ya lami, mpaka kanisani kule juu mlimani. Huko kila mmoja alipewa kiazi kitamu. Sheria ilikuwa moja: anayegeuka nyuma hapati kiazi.

"Mama, hawa ni batoto ya ziwa," Papa Michée alisema siku ile akiwa bado ameegemea ua. "Mayi ikikuya, mutu anapanda mutumbwi. Kwisha! Hata Nuhu alipanda mutumbwi, hakukimbia ku mulima."

"Kweli, Baba. Lakini Nuhu aliambiwa kabla ya mvua, na akasikia. Jirani zake ndio waliocheka."

Watoto wakaangua kicheko. Papa Michée akanuna, akamvuta binti yake mdogo, Mimi, aliyekuwa amejipenyeza kundini. "Wangu hapana. Miye sitaki mutoto mwoga."

Kuanzia hapo Mimi alitazama mchezo kupitia matundu ya ua, midomo yake ikitembea pamoja na wimbo. Mama Nsama hakumwita, maana mtoto ni wa mwenyewe. Aliongeza sauti tu. Wenzake wa kwaya walishangaa: huyu mama amekula nini siku hizi?

Jumamosi moja ya mwanzo wa mwaka mpya, mawingu yalikaa vilimani tangu asubuhi. Mchana kijito kikaja kikinguruma, chekundu kama udongo wa kufinyangia, kimebeba migomba na mlango wa mtu. Kelele zikapaa. Makopo yakagongwa. Watu wazima, bila kufikiri, wakakimbilia ufukoni kuokoa mitumbwi na nyavu, na Papa Michée alikuwa mbele yao. Mkewe Arlène alikuwa ameenda mbali, kijiji cha Puta, kununua samaki, kwa hiyo nyumbani alikuwepo Mimi peke yake.

"Mimi! Kamata beseni, nifuate ku mutumbwi!" Papa Michée alipaza sauti, akaendelea na mbio.

Mama Nsama alikuwa amesimama kando ya barabara, akiwatazama watoto wakipita wawili wawili, wakubwa na wadogo, kama mfugaji atazamavyo mbuzi wakiingia zizini. Aliona lango la ua wa jirani likifunguka. Aliona Mimi akitoka na beseni kifuani, akageuza uso upande wa ziwa alikokwenda baba yake. Mama Nsama alikuwa mbali mno kumfikia, na miguu yake haikuwa ya mbio. Kitu pekee alichokuwa nacho ni sauti.

"Kelele zikilia?" aliimba kwa nguvu zote alizojaliwa.

Mtoto alisita. Beseni likamponyoka, likabingirika kuelekea majini. Wakati huohuo Olipa, aliyekuwa wa mwisho katika mstari, alimnyoshea mkono. Mimi akaushika. Punde maji yalipita pale alipokuwa amesimama.

"Asante, Bwana," alinong'ona Mama Nsama, akawafuata akitweta.

Kule ufukoni, kijito kilikuwa kimeukamata mtumbwi wa Papa Michée na kuupasua kwenye mawe. Mwenyewe alivutwa na wavuvi akiwa ameng'ang'ania matete. Alipofumbua macho, aliona beseni la bintiye likielea. Hakuna aliyemwona Mimi. Mtu yule alipanda mlima akilia kama mtoto, matope mwili mzima, mpaka mlangoni mwa kanisa.

"Munisaidie! Mutoto wangu ameenda na mayi!"

Ndani, kwenye benchi la mbele, Mimi alikuwa na shavu lililojaa kiazi. Alimtazama baba yake juu hadi chini, kwa ukali wa mwalimu.

"Papa, weye uligeuka nyuma. Hautapata kiazi."

Kanisa lote lililipuka kwa kicheko. Papa Michée alimkumbatia mpaka naye akawa na matope, na kiazi kikapotea humo humo.

Jumamosi iliyofuata jua liliwaka. Papa Michée alikuja kuketi barazani kwa Mama Nsama, akipewa pole za mtumbwi wake na Mzee Goodson, mmoja wa wavuvi waliomvuta kutoka majini. Mama Nsama alichukua kambale mmoja mkavu, aliyekaushwa bila kupindwa, akamkabidhi.

"Baba, hebu nikunjie huyu."

Papa Michée akajaribu. Kwa! Samaki akavunjika vipande viwili.

"Mkavu hakubali," alisema Mzee Goodson, akimkonyeza mjane. "Lakini huyu jirani yako, Mama, juzijuzi alilowa sana. Pengine sasa anakunjika!"

"Alilowa, ndiyo," alijibu Mama Nsama akitabasamu, "ila kumlowesha kumekula mtumbwi mzima."

Papa Michée alifungua kinywa ili ajibu. Hapo Olipa akagonga sufuria. Mabeseni yakaanguka kwa kishindo, watoto wakashikana mikono, na Mimi, aliyekuwa wa mwisho katika mstari safari hii, akamnyoshea baba yake mkono. Papa Michée aliviweka chini vile vipande vya samaki, akaushika mkono ule mdogo, akatoka ugani kuelekea mlimani, wala hakugeuka nyuma.

Hakika, samaki mkunje angali mbichi.