Msokota Kamba na Wimbo wa Msibani

Kaeni basi, na anayetaka kuuliza kama ni kweli aniache kwanza nimalize. Zamani, watu wa milima hii walipofiwa waliimba wimbo wa kamba bila hata kukohoa. Ulisema kwamba Mungu alishusha kamba mpaka kwenye jiwe la kileleni, wazee wetu wa kwanza wakashukia hapo, na kila anayekufa hupandia hapo kurudi. Waliuimba kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia ya kisimani. Hakuna aliyekwenda kutazama.

Isipokuwa Mwachofi. Huyu alikuwa msokota kamba, fundi hasa, na hakuwa mtu wa kutulia. Kamba ndefu hivyo ilisokotwa kwa nyuzi gani? Ilifungwaje? Asubuhi moja akaacha mkonge wake juani akapanda kileleni kwa hamu, maana aliupenda wimbo ule kuliko watu wote. Akalipapasa jiwe pande zote. Kamba yenye mzigo ikikaa jiweni huchimba mfereji. Hilo kila msokota kamba analijua. Jiwe lilikuwa laini kote.

Alishuka na hasira za mtu aliyetapeliwa. "Tumedanganywa," akawaambia watu. "Hakuna kamba, wala haijawahi kuwepo." Waimbaji wakaona aibu, wakanyamaza. Kuanzia hapo watu walizika kimya, wakarudi nyumbani haraka haraka, kila mmoja hajui aiweke wapi mikono yake.

Kisha homa ikamchukua Mkawasi, binti wa pekee wa Mwachofi. Mkewe, Wakesho, akampakata mtoto aliyekwisha kupoa, akakataa kumtoa. Jua likapanda, kaburi liko wazi, wanawake wakambembeleza mpaka wakachoka.

"Simtoi," alisema. "Atapitia wapi? Niimbieni kwanza."

Watu wakamgeukia mwimbaji mkuu, mzee Mwambingu. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mumeo ndiye aliyesema ni uongo. Nitauimbaje mbele ya mtoto wake?"

Mwachofi alikuwa akizunguka uani, huku na huku, hawezi kukaa. Akaja akasimama mlangoni.

"Sikuwepo," alisema. "Mama Mkawasi, mimi sikuwepo kamba iliposhushwa. Na nilipokwenda sikuiona."

"Najua," Wakesho akajibu. "Imba."

Akaimba, tena vibaya, maana hakuwa na sauti. Aliiimba kamba kama anavyoisokota mwenyewe: hapa uzi wa nyanya aliyemfundisha mtoto kutembea, hapa uzi wa jirani aliyempa maziwa, hapa wa mama. Waliokuwepo wakaanza kutaja nyuzi zao, wakilia waziwazi.

"Inafika?" Wakesho akauliza.

"Inafika," akasema Mwachofi, na hakuna aliyemwuliza ameipimaje. Ndipo mama akalegeza mikono, wakampokea mtoto.

Na tangu siku hiyo, katika milima hii, mwimbaji wa msibani husimama kwanza akasema, "Sikuwepo," nasi tunamjibu, "Imba." Haya, niulizeni sasa kama ni kweli au si kweli. Mimi nimemzika mwanangu, na siku ile nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote.