Bi Pelele na Vitafunio vya Wageni Wanne

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitikia kama wagonjwa! Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, mnyama akihitaji kitu, aliutamkia utando wa Buibui, nao ukamletea hadi mlangoni. Ndani ya utando walifanya kazi ndugu wawili. Nzige, kaka mkubwa, alizidisha. Siafu, mdogo wake, alijumlisha.

Siku moja, wazee wanne walikuwa njiani kuja kumposa Mwanakombo, binti yake Bi Pelele, yule pimbi wa mawe. Na wazee wale, jamani, mmoja wao akikosa kitafunio, wote huinuka na posa ikavunjika! Kila mzee alistahili maandazi mawili na vitumbua vitatu.

Bi Pelele akaukimbilia utando. "Maandazi mawili, jumlisha vitumbua vitatu, mara nne!"

Vikaja vitumbua kumi na viwili. Na maandazi? Mawili tu!

"Ala! Wazee wanne wagombanie maandazi mawili?"

Akarudia maneno yaleyale, safari hii kwa kelele mpaka ndege wakaruka. Vikaja vilevile.

Mara ya tatu akajitia ujanja, akageuza maneno. "Nne mara maandazi mawili, jumlisha vitumbua vitatu!"

Yakaja maandazi manane. Na vitumbua? Vitatu tu!

Mwanakombo akaangua kilio. "Mama, nimekwisha! Wameshavuka mto!"

Buibui alicheka mpaka miguu yote minane ikatetemeka. "Bi Pelele, dada yangu, kwenu nani hunawa kwanza, mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa, bila shaka."

"Hata hapa ni hivyo. Nzige hushika kazi kwanza, hata akitajwa mwisho. Anazidisha kilicho jirani naye tu, ndipo Siafu ajumlishe. Sasa niambie, mgeni akiwa ndani ya ua wako, mkubwa hunawa kabla yake?"

"Thubutu! Mgeni kwanza."

"Basi vijengee ua vitafunio vyako."

Bi Pelele akachukua vijiti viwili vilivyopinda, akavichomeka kwenye utando, kimoja huku, kimoja kule. Katikati yake akatamka, "Maandazi mawili, jumlisha vitumbua vitatu." Kisha, nje ya ua, "Mara nne!"

Nzige akataka kuruka, akauona ua, akatulia. Siafu akaingia, akajumlisha: sahani moja, vitu vitano. Alipotoka, Nzige akaizidisha sahani ile mara nne. Loo! Vitu ishirini, vya moto, vinanukia iliki!

Wazee wakala, wakalamba vidole. Mkubwa wao akasema, "Mwanangu, tumekuja kukuomba kwa ajili ya kijana wetu. Unatukubali?"

"Nimekubali!" akasema Mwanakombo, kabla hata mama yake hajafungua kinywa. Vigelegele vikapasua anga.

Enyi wanangu, kupiga kelele si kueleweka. Kila nyumba ina utaratibu wake wa nani atangulie. Ujueni, na mkitaka lenu litangulie, lizungushieni ua.

Ngano yangu imekoma hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni niimalize mwenyewe.