Miche ya Mheshimiwa Lukindo

Si zamani sana, Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Lukindo, alipanda mlima hadi Kivungo na lori la miche ya mikaratusi. Akaagiza chemchemi ya kijiji izungushiwe miti hiyo ndani ya wiki moja, na atakayebisha angelala ndani.

Kijiji cha jirani kilitii agizo hilohilo miaka mitano nyuma, na sasa wanawake wake walikuja kuchota maji Kivungo. Watu wakanung'unika. Nakiete, mjane mwenye ulimi laini, akaitikia kwa niaba yao: "Tumesikia, Mheshimiwa."

Wiki ilipokwisha, Lukindo akarudi na kuitisha mkutano. "Mmepanda?"

"Yote mia tatu," akajibu Nakiete. "Ila tulianza na chemchemi ya juu, ile yenye bomba la kwenda nyumbani kwako. Tukaona mkubwa atangulie."

Lukindo akaruka kitini. "Ing'oeni leo hii. Hamkuona mikaratusi ilivyowakaushia maji jirani zenu?"

"Tuliona, baba. Tulitaka kujua kama na serikali iliona."

Kisha Nakiete akauliza kama lori limekuja, ili liirudishe miche. Miche ilikuwa nyuma ya ghala la kijiji, yote mia tatu, bado kwenye viriba vyake vya plastiki.