Aliyepalilia Shamba la Ambakisye

Mtu mmoja alikuwa na shamba la maharage, na shamba hilo lilipaliliwa na mtu ambaye hata mimi ninayesimulia sijapata kumjua. Nimeuliza, nimekisia, nimeshindwa.

Mwenye shamba aliitwa Ambakisye. Alipanda mvua za kwanza ziliponyesha, kisha homa ikamlaza wiki tano. Mkewe, Tumpe, hakubanduka kitandani pake, na watoto walikuwa bado wadogo. Wote wawili walijua magugu yanalimeza shamba, lakini hakuna aliyelitaja. Siku alipoweza kusimama, Ambakisye alishika fimbo akaenda kuitazama hasara yake. Akakuta maharage yamechanua. Magugu yalikuwa yamelazwa kati ya mistari, mizizi juu, yamekauka kwa jua; na palipokuwa na kiota cha kwale, jembe lilikuwa limepita mbali. Akakaa chini akalia.

Kwa watu wa huko, mtu akikupalilia shamba, yeye ndiye huonja mavuno kwanza. Kabla hajaonja, chungu cha mavuno hayo hakiinjikwi. Ambakisye hakutaka kuivunja desturi hiyo, tena mwaka uleule aliorudishiwa uhai. Basi alipokwisha kuvuna, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alimwuliza shemeji yake, akamwuliza mzee wa kanisa, akawauliza vijana wa kwaya. Wote walikana. Mwaisumo, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliangua kicheko: "Mimi tena, ndugu yangu? La kwangu lenyewe nimelipalilia kwa kufukuzwa na mke!"

Mwezi ukapita. Watoto walikula ugali kwa majani ya maboga, na gunia la maharage limejaa pale pale ndani, wadudu wameanza kulitoboa. Kila jioni Ambakisye aliomba aonyeshwe mtu huyo. Asubuhi akatoka kuchungulia viganja vya watu njiani. Shukrani ikawa inamkondesha kuliko homa. Hakuwa mkaidi. Alitaka tu kumtazama mtu usoni na kumwambia asante, na nani kati yetu hataki hivyo?

Hata siku moja Tumpe, akichambua mboga, akasema bila kuinua macho: "Baba Atupele, umepiga hodi kwa kila mwenye jembe. Kwa asiyeweza kushika jembe hujafika hata mara moja."

Ambakisye alimkumbuka Bibi Sekela wa juu kule mlimani, aliyevimba miguu, ambaye shamba lake mwaka jana liligeuka pori, na watu wakapita kando yake wakienda kwenye mashamba yao. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Wakakubaliana hivi: maharage yaonjwe kwanza na yule ambaye hakika hakuyapalilia, na msimu ujao shamba lake lipaliliwe kabla ya lao, asiambiwe ni nani aliyelipalilia. Tumpe aliinjika chungu asubuhi ileile. Aliyekibeba mpaka kwa Bibi Sekela, akipumzika mara nne njiani kwa sababu miguu haijapata nguvu, alikuwa Ambakisye.