Bi Mwanakheri na Moshi wa Marehemu

Hodi ya ngano!
— Ngano, karibu!
Nikae wapi?
— Kaa katikati yetu.
Nianzie wapi?
— Anzia zamani.

Basi hapo zamani kulikuwa na mji mmoja mlimani, mji wa baridi na ukungu, na katika mji huo alikuwako mwanamke akiitwa Bi Mwanakheri. Bi Mwanakheri alikuwa na mgahawa, na mji mzima mgahawa ulikuwa huo huo mmoja. Ukitaka kahawa ya tangawizi, kwa Bi Mwanakheri. Ukitaka mihogo na maharage ya nazi, kwa Bi Mwanakheri. Ukitaka kujua nani kaoa na nani kaachwa, kwa Bi Mwanakheri huko huko.

Mumewe aliitwa Kitwana, fundi wa viatu. Kitwana alikuwa mtu wa maneno machache na kiko kirefu. Akaugua, hakuugua sana, akafa. Watu wakazika, wakala hitima, wakarudi makwao. Nguo za marehemu zikagawiwa kama ilivyo desturi. Huyu kapata kanzu, yule kapata koti. Bi Mwanakheri akakaa eda mpaka ikaisha, kisha akafungua tena mgahawa.

Wanaume wakaja. Wakakaa, wakaagiza kahawa, wakawasha viko vyao na misokoto yao. Moshi ukapanda, ukatanda chini ya paa. Na Bi Mwanakheri, amesimama na birika mkononi, akahisi mtu yuko nyuma yake. Akageuka. Hakuna mtu. Ilikuwa ni harufu tu. Harufu ya Kitwana.

Mnanisikia?
— Tunakusikia.

Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku ile, kila alasiri moshi ukishakolea, huenda pembeni karibu na jiko, akafumba macho, akavuta pumzi polepole. Kisha hufumbua macho akaendelea kumimina kahawa. Watu walidhani anapumzika miguu. Kanzu imekwenda, koti limekwenda, mwenyewe amekwenda. Kilichobaki kwake ni moshi.

Sasa, Bi Mwanakheri alikuwa na binti mmoja, jina lake Zawena. Zawena alizaliwa na pumu. Akinusa moshi, kifua hubana kikalia kama mlango mkavu. Alipokua aliolewa kijiji cha ng'ambo ya bonde, akapata mtoto wa kike. Siku za gulio alikuja mjini na kikapu cha mboga kichwani na mtoto mgongoni, lakini ndani ya mgahawa hakuingia. Hata kumkumbatia mamaye aliacha, maana khanga za mamaye nazo zilijaa moshi, na mara ya mwisho walipokumbatiana alikohoa mpaka akakaa chini.

Basi mmoja alisimama upande huu wa barabara, mmoja upande ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ameota jino."

"La juu au la chini?"

Punda wa mizigo wakapita katikati, mmoja, wa pili, na wengine nyuma yao. Mpaka wamekwisha kupita, wateja wameshaita, na Bi Mwanakheri amesharudi ndani. Hakujua jino lilikuwa la juu au la chini. Alikwenda akamenya mihogo, akalifikiria jino lile hadi jioni.

Ikawa hivyo gulio hili, na gulio lililofuata, na lililofuata tena.

Ikafika wakati mji ukaanza kunong'ona. Si Zawena peke yake aliyekuwa akiteseka. Wanawake wajawazito walilalamika kwamba wakila pale wanatapika. Wachukuzi walisema wanatoka kupanda mlima, wanataka pumzi, wanapewa moshi. Wavutaji nao wakajibu kwamba baridi ni kali, kwamba babu zao walivuta, kwamba kahawa bila tumbaku ni maji meusi tu, na asiyetaka moshi akale kwake. Maneno yakawa makali. Ndugu wakaanza kununiana kwa ajili ya viko.

Jumbe wa mji akaita watu wote uwanjani mbele ya mgahawa. Akawasikiliza hawa, akawasikiliza wale. Mwisho akasema yeye mwenyewe ni mvutaji, akiamua ataambiwa amejipendelea. Nyumba ni ya Bi Mwanakheri, basi aamue mwenye nyumba.

"Bi Mwanakheri, moshi ukae au utoke?"

"Ukae," akasema Bi Mwanakheri.

Watu wakatazamana. Jumbe akadhani hakusikia vizuri. Akamuuliza mara ya pili.

"Ukae."

Akamuuliza mara ya tatu, taratibu, huku akimtazama Zawena aliyesimama ng'ambo ya barabara na mtoto wake.

"Ukae," akasema Bi Mwanakheri, na safari hii hakumtazama binti yake.

Zawena alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akachukua kikapu chake, akashuka bondeni. Ninyi mliokaa hapa mnajua kwa nini mama yule alisema vile. Zawena hakujua. Yeye aliona tu kwamba mama amechagua wateja.

Gulio lililofuata hakuja. La pili hakuja. Bi Mwanakheri alisimama mlangoni akatazama ng'ambo, akaona ukuta wa mfinyanzi na vyungu vyake, basi. Akarudi pembeni kwake karibu na jiko. Akafumba macho, akavuta pumzi. Harufu ilikuwapo. Lakini sasa, kila akimwona Kitwana akilini, Kitwana ameangalia upande mwingine.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Pazi na ujanja wake. Mzee Pazi alikuwa rafiki wa marehemu na mvutaji kuliko wavutaji wote wa mji ule. Alimwona shemeji yake amekonda, akajua ni kwa ajili ya binti. Akajua pia kwamba akizidi kukonda atabadili mawazo, na kiko kitakosa pa kukaa. Akatafuta njia ya kula huku na kule. Akachukua kipande cha mkaa, akachora mstari sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Shemeji," akasema, "upande huu sisi, upande ule wasiovuta. Mwite mtoto aje akae. Moshi wetu una adabu, hautavuka."

Watu wakacheka, lakini Bi Mwanakheri hakucheka. Mtu mwenye hamu haulizi sana. Akafua khanga zake, akazianika juani, akatuma salamu ng'ambo ya bonde: njoo, mwanangu, nafasi yako ipo.

Na Zawena, kwa hamu ile ile, akaja.

Aliingia na mtoto, akakaa upande wake wa mstari. Mamaye akamletea uji wa tangawizi, akamkalia karibu, akamshika mkono. Akauliza la jino, na Zawena akamfunua mtoto mdomo amwonyeshe. Sasa yalikuwa mawili, yote ya chini. Wakacheka.

Ng'ambo ya mstari, Mzee Pazi akawasha kiko. Wenzake wakawasha. Moshi ukapanda hadi darini, ukageuka, ukashuka. Ukafika kwenye mstari. Ukavuka. Ukafika mezani, ukazunguka bakuli la uji. Ukafika kifuani pa Zawena.

Zawena akakohoa mara moja, akatabasamu, hakutaka kumharibia mama furaha. Akakohoa tena. Kisha akamkabidhi mamaye mtoto haraka, akashika meza kwa mikono miwili, na midomo yake ikaanza kugeuka rangi.

Wakambeba nje, wakamweka chini ya upenu wa nyumba. Mvua ilikuwa inanyesha. Bi Mwanakheri alipiga magoti na mtoto mkono mmoja, mkono wa pili anamsugua binti yake mgongo, anamwambia vuta, mwanangu, vuta taratibu, niko hapa. Wavutaji wote wamesimama mlangoni, viko vimezimika mikononi. Kwa kitambo kirefu watu walisikiliza kifua kile kikilia. Kisha kikaanza kulegea. Zawena akafumbua macho.

Mzee Pazi akasogea.

"Shemeji," akasema, "nilikudanganya. Mimi mvutaji, najua moshi ulivyo." Akatazama chini pale walipokuwa. "Hapa ndipo tulipokuwa tukikaa, mimi na marehemu. Huyu Zawena alipokuwa mchanga. Mvua inanyesha, tunalowa magoti. Siku moja nikamuuliza, Kitwana, ndani kuna viti na moto, tunafanya nini huku? Akaniambia, mtoto amelala."

Maneno yale yalimfungulia Bi Mwanakheri kitu. Kweli. Miaka yote Zawena alipokuwa nyumbani, kabla nyumba haijawa mgahawa, Kitwana alivuta nje. Alirudi kuvuta ndani binti alipokwisha kuolewa, na ile miaka ya mwisho ndiyo iliyomkaa mjane kichwani ikaifunika mingine yote. Alikuwa ameushika moshi akidhani amemshika mumewe, na mumewe muda wote yuko nje kwenye mvua.

Akasimama. Akampa Zawena mtoto. Akaingia ndani, akatwaa ufagio na maji, akaufuta ule mstari wa mkaa. Kisha akarudi mlangoni.

"Jumbe aliniuliza," akasema. "Mwambieni utoke."

Moshi ukatoka. Si kwamba wote walifurahi. Wengine walihama wakanywa kahawa majumbani kwao, wakarudi mmoja mmoja kwa sababu kahawa ya nyumbani haina umbea. Mzee Pazi mwenyewe alichonga benchi, akaliweka chini ya upenu, na huko ndiko wavutaji walikokaa, wakinung'unikia baridi.

Kuta zikapakwa chokaa. Upepo wa mlimani ukaingia na kutoka. Masika yalipofika Zawena akaja na mtoto kukaa kwa mama hadi mvua zipungue.

Asubuhi moja aliamka, akamkuta mamaye amesimama pembeni karibu na jiko, ameegemeza uso ukutani, machozi yanamtiririka.

"Unatafuta nini, mama?"

Bi Mwanakheri akamwambia yote, yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Ya birika mkononi na mtu aliyesimama nyuma. Ya kila alasiri. Ya kwa nini alisema ukae, mara tatu, na mtoto wake anamsikia.

"Sasa imekwisha," akasema. "Nimenusa ukuta mzima, hakuna kitu. Baba yako ameondoka."

Zawena akauliza, "Kumbe baba alikuwa ananukia tumbaku?"

"Wewe hukujua?"

"Ningejuaje? Hakunibeba hata siku moja kabla ya kunawa. Akiingia kutoka nje hupitia mtungini kwanza, uso, mikono, kifua, ndipo anichukue. Kwangu mimi, baba alinukia maji."

Bi Mwanakheri akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Akavuta kigoda, akakaa karibu na binti yake, karibu kabisa, begani.

"Maji ya namna gani?" akasema. "Niambie."

Na Zawena akaanza kumwambia. Kahawa ikachemka, ikafurika, ikazima moto. Hakuna aliyeinuka.

Ngano inaomba ruhusa!
— Ruhusa ipo.
Imewaachia nini?
— Imetuachia hamu.
Basi iliingia kwa hodi, inatoka kwa heri.
— Iende salama.